Oili Kwenye Gari la Dorosela

Mtu wa mbao ana ugonjwa wake, na Lenard alikuwa nao tangu ujana: hawezi kuona ubao mkavu ukitoka mikononi mwake bila kuupaka oili. Si oili ya dukani, nani ana hiyo? Ni oili chafu, ile inayomwagwa gereji. Pale Makambako, kwenye yadi ya Shedrack nyuma ya reli, vijana wote waliopita chini ya Lenard walifundishwa jambo hilohilo. Unachovya brashi, unaanzia kwenye vichwa vya ubao, maana huko ndiko mti unakonywea maji. Unarudia hadi vichwa vishibe, ndipo unashuka ubavuni. Mchwa hali, mvua haiingii. Ukipeleka ubao sokoni bila oili, Lenard alikuwa anasema, ni sawa na kumtoa mtoto nje bila sweta.

Sasa huyo fundi, mwaka uliopita, dingidong ilimla. Dingidong ni ile mashine ya kupasua magogo, inayolia mchana kutwa huko kwetu mpaka watu wameizoea kuliko kengele ya kanisa. Ilichukua vidole vinne vya mkono wa kuume na kumwachia kidole gumba. Shedrack alimpeleka hospitali, haki yake apewe, na alipotoka akamwacha aendelee kukaa kwenye chumba cha yadi na binti yake Dorosela. Mke wake Vestina, mama wa Dorosela, alishazikwa zamani. Lakini mwezi wa kumi Shedrack akaja na kiti, akaketi mlangoni.

"Mzee Lenard, mimi si mtu mbaya," alisema. "Chumba kaa. Ila mashine haiwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Binti anamaliza fomu foo mwezi ujao. Januari aje ashike nafasi yako."

"Sawa, bosi," Lenard alijibu. Angejibu nini? Hana pa kwenda, hana mkono.

Tangu siku hiyo, kila alipomwona Dorosela akimenya viazi alikuwa anaangalia vidole. Vilikuwa virefu, vya mama yake. Aliviona tayari vikiwa kwenye vumbi la mbao, akawa anasukuma sahani pembeni. Mtu asikudanganye kwamba mwanaume halii. Lenard alilia, tena nyuma ya rundo la magogo, akajifuta kwa kiganja akarudi ndani.

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Usharika mmoja wa Njombe ulikuwa unaandaa mashindano ya magari ya mbao kwa vijana, na mshindi alikuwa anapewa nafasi ya chuo cha ufundi, miaka mitatu, bweni na zana juu ya kanisa. Magari yenyewe ni madogo, ya kubeba kwapani. Yanawekwa juu ya njia ya mbao iliyoinamishwa ukumbini, yanaachiwa, la kwanza kufika chini ndilo limeshinda.

Kanuni ziliandikwa na Mwalimu Scholastica, anayefundisha useremala pale chuoni, na aliziandika kwa hasira. Mwaka wa nyuma baba mmoja mwenye karakana alikuwa amemtengenezea mwanawe gari linalong'aa kama kabati la bibi harusi, na mtoto alipoulizwa ni mti gani, akasema, "Wa kahawia." Basi safari hii mama yule hakutaka mchezo. Mchungaji alizisoma kanuni hizo kanisani baada ya matangazo, na Lenard akazishika moyoni neno kwa neno. Gari liwe la mbao tupu, mpaka magurudumu. Lisizidi kilo moja na nusu. Lisipakwe mafuta ya aina yoyote, hata mshumaa, kwa sababu mafuta yanaharakisha ekseli. Na kubwa kuliko zote: mkono wa mshindani tu ndio uguse. Mzazi akigusa, mtoto anatoka, na hata akishashinda, ikijulikana baadaye, nafasi inarudi. Gari likiharibiwa na mshindani mwingine, aliyeharibu anakwenda nyumbani na mwenye gari anapewa muda wa kutengeneza. Mshindi ataapa mbele ya watu, mkono juu ya Biblia.

Dorosela alichonga gari lake kwa kipande cha saiprasi alichookota yadini. Alichonga jioni kwa jioni barazani, kwa patasi na randa za baba yake, na baba mtu ameketi pembeni ameukalia mkono wake mzima usije ukamponyoka. Kuna siku patasi iliteleza, Lenard akaruka kuidaka.

"Baba, kanuni!"

"Nimeona nzi," alisema.

"Nzi gani baridi hii?" Dorosela alicheka. Alimhamishia kigoda upande wa pili wa baraza, mbali, akamwambia atulie huko mpaka aitwe.

Alikaa huko. Alikaa akiona binti akikosea na akirekebisha mwenyewe, na ilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Mtoto alikuwa na mkono. Magurudumu yalizunguka bila kuyumba, na siku ya mwisho walipolipima dukani kwa Mama Erica, mshale ulisimama juu ya mstari wenyewe wa kilo moja na nusu. Dorosela alilifunga kwenye kitenge akaliweka juu ya sanduku. Alisema halifungui tena mpaka Njombe.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inanyesha, zile mvua za Desemba zisizo na haraka. Dorosela alikwenda kuoga. Lenard akabaki na kile kitenge.

Jamani, mtu huyu alizijua kanuni. Asije akasema mtu kwamba hakuzijua. Lakini alisikiliza mvua juu ya bati, akafikiria safari, akafikiria ukungu wa Njombe unaolowesha hata nguo iliyo sandukuni, akaona saiprasi ile kavu ikinywa maji, ikivimba, magurudumu yakikwama mbele ya watu. Akajiambia kutengeneza ni kitu kimoja na kutunza ni kitu kingine. Kanuni inakataza kusaidia ufundi. Oili si ufundi, oili ni sweta. Mafuta waliyoyakataza ni ya ekseli, na yeye ekseli hatazigusa. Alifungua kitenge. Alishika brashi kwa mkono wa kushoto, akalipaka gari tumboni, kwa chini, kuanzia vichwani kama alivyofundishwa na baba yake. Alirudia hadi mti uliposhiba. Alifuta kwa tambara, akalifunga tena kwenye kitenge kama alivyolikuta. Tangu mashine imle, hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza aliyojisikia ni baba wa mtu.

Njombe walifika mapema, baridi inauma. Ukumbini washindani waliweka vifurushi vyao kwenye meza moja ndefu, halafu wakaitwa nje kwenye chai na maandazi. Ndani alibaki kijana mmoja tu. Jina lake Xaveri, ametoka Mawengi, Ludewa, tena peke yake, kwa maana bibi anayemlea hawezi safari. Gari alilopanda lilikuwa limeharibika njiani na yeye alishuka kumsaidia dereva, hivyo alifika na mikono myeusi, akaona aibu kushika maandazi ya watu. Alikaa karibu na meza kukilinda kifurushi chake. Kilikuwa kimepakana na cha Dorosela.

Watu waliporudi kutoka kwenye chai, wakisubiri ukaguzi, Lenard alimsalimia, "Kamwene," kisha akamuuliza akikosa nafasi ataelekea wapi.

"Nitatafuta kazi kwenye mbao, mzee. Makambako wanachukua watu," Xaveri alisema. "Lakini sitakosa." Alisema hivyo bila majivuno. Kila aliyelichungulia gari lake lilipofunguliwa aliona kwamba huyu ndiye wa kuogopwa.

Ukaguzi ukaanza. Mwalimu Scholastica, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijivu, alipima la kwanza, la pili, akafika kwa Dorosela. Mshale ulipita mstari. Aliligeuza gari juu chini, akapitisha kidole tumboni, akakinusa.

"Oili," alisema. "Nani kapaka?"

Dorosela aliinama akalitazama tumbo la gari. "Sijui, mwalimu. Jana halikuwa nayo. Jana tulipima, lilikuwa sawasawa."

"Halikujipaka lenyewe. Nani aliligusa?"

"Mimi tu."

Mwalimu alimgeukia Lenard. Ukumbi mzima ukageuka naye. "Baba Dorosela, wewe uligusa gari hili?"

Hapo, hapohapo, neno moja lilitosha. Na Lenard alikuwa nalo mdomoni, Mungu ni shahidi. Lakini aliona vidole vya binti yake vimeshika ukingo wa meza, vyote kumi, na kichwani mwake akaisikia mashine ya Shedrack. Akauinua mkono wa kuume, ule wa kidole gumba kimoja, watu wote wauone.

"Mimi?" alisema. "Kwa mkono upi, mwalimu?"

Watu waliinamisha macho. Mama mmoja alisema, "Maskini wee." Mwalimu Scholastica aliomba radhi kwa sauti ya chini, na alipoinua uso tena, macho yake yalikuwa yamekwishafika kwenye mikono ya Xaveri.

"Wewe ulibaki humu ndani peke yako."

"Nilibaki, mwalimu."

"Hiyo nyeusi ni nini?"

"Ni ya lile gari la njiani. Lilituharibikia, nikamsaidia dereva. Mimi sijagusa gari la mtu." Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsemea. Dereva alishageuza kurudi Ludewa. Abiria wenzake walishatawanyika. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, kila mzazi na wake, na hakuna aliyekuwa wa kwake.

"Mwalimu, naapa. Nipe Biblia niape."

"Biblia ni ya mshindi," alisema Mwalimu Scholastica. Hakusema kwa ukali, alisema kwa kuchoka. "Funga gari lako, mwanangu. Nenda nyumbani."

Xaveri hakugomba. Alilifunga gari lake taratibu, akakaza fundo, akawaaga wakubwa kwa heshima kama alivyolelewa, akatoka mvuani. Lenard alikuwa amesimama karibu na mlango. Ilibidi asogee ampishe.

Dorosela alipewa msasa, randa na muda. Alikaa chini pembeni ya ukumbi akaanza kuondoa oili, uso umemkunjamana kwa hasira dhidi ya yule kijana wa Mawengi. Alikwangua tumbo, ubavu, akafika vichwani. Huko msasa ukakataa. Oili ilikuwa imezama ndani, tabaka juu ya tabaka, imefutwa vizuri kwa tambara, hakuna tone lililovuka kwenye ekseli. Adui anayetaka kukuharibia anamwaga. Hii haikumwagwa. Hii ilikuwa imepakwa na mtu aliyelionea huruma lile gari.

Mkono wake ulisimama. Aliinua macho akamtafuta baba yake, akamwona, na Lenard akajua kwamba ameshajua.

Lenard alisubiri asimame, aseme. Nusu ya moyo wake ilikuwa inamwomba aseme, na nusu ya pili ilikuwa inamwomba Mungu asiseme. Dorosela aliinama. Alichukua randa, akakata vichwa vya gari kabisa, akapunguza na ubavu mpaka mzani ukakubali. Gari likabaki jembamba, baya, na jepesi kwenye njia kuliko yote.

Lilishinda. Watu walipiga vigelegele. Mwalimu Scholastica alileta Biblia, na Dorosela akaweka mkono juu yake. Alisema kwa sauti kavu, kila neno likisikika mpaka nyuma ukumbini, kwamba gari hili ni kazi ya mkono wake na hakuna mkono mwingine wa nyumbani kwao ulioligusa. Aliyasema hayo akimtazama baba yake. Lenard alipiga makofi pamoja na wengine, mkono mzima juu ya ule wa kidole gumba, na makofi yake hayakutoa sauti.

Waliposhuka Makambako ndipo Lenard alipoanza.

"Nilitaka maji yasiingie, mwanangu."

"Najua."

"Ningesema, ungetoka. Ungekwenda kwenye mashine."

"Najua, baba. Najua yote." Alisimama katikati ya matope, kitenge kimemlowa mabegani. "Ningejua kabla Xaveri hajatoka, ningesema. Nilijua ameshatoka. Lakini hakuwa amefika mbali, angeweza kuitwa, nami nikanyamaza. Nikaapa. Wewe ulidanganya watu tu. Mimi nimeidanganya Biblia."

Lenard alinyoosha mkono kumshika bega. Dorosela hakuukwepa, ila hakuugeukia pia, akaendelea kutembea.

Januari alikwenda chuoni. Alipanga sanduku lake mwenyewe, akafagia chumba, akaacha sufuria safi. Mlangoni alipiga goti kidogo kama ilivyo adabu, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja kukuona mwisho wa mwezi. Nitakuletea parachichi."

"Kamtafute kwanza Xaveri," alisema. "Mwombe radhi. Ukishamwomba, ndiyo uje. Kabla ya hapo usije, baba, sitatoka getini."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Sijui ni nani aliyeipima. Ya Lenard ilizidi kurefuka, na kila asubuhi alikuwa anaamka akiikuta bado iko mbele yake. Alijipangia kwenda Mawengi Jumamosi. Jumamosi mvua ilinyesha. Akajipangia wiki inayofuata, akasikia barabara ya Ludewa imekatika, akashukuru Mungu kwa sababu mbaya kabisa ya kumshukuru.

Na wakati huo nafasi kwenye mashine bado ilikuwa inamsubiri mtu. Mashine haijali ni mtoto wa nani. Shedrack alipoona binti ameondoka hakugomba sana, alisema vijana wa kazi hawakosekani, na kweli hawakukosekana. Jumatatu moja alikuja yadini na kijana nyuma yake, begi moja mgongoni.

"Mzee Lenard, huyu ndiye wa nafasi yako. Ametoka mbali, hana mtu hapa. Mfundishe. Wewe mkono umekwisha lakini kichwa unacho."

Alikuwa Xaveri.

Kijana alimtambua kabla Lenard hajafungua kinywa. "Shikamoo, mzee," alisema, na macho yake yalikwenda chini, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Marahaba." Lenard alilitazama lile begi. "Bibi yako hajambo?"

"Tulimzika baada ya Krismasi." Xaveri aliweka begi chini. "Mzee, kabla hatujaanza. Nimesikia binti yako amepata chuo, nimefurahi. Lakini naomba ujue, mimi sikuligusa lile gari. Bibi alikufa watu wa pale kijijini wameshasikia kwamba nimefukuzwa kwa hila. Aliniuliza, nikamwambia sikugusa. Sijui kama aliniamini."

Lenard alikaa juu ya gogo. Alichoambiwa akakitafute Mawengi kilikuwa kimekuja chenyewe, kimesimama mbele yake na begi. Hakuna mvua, hakuna barabara iliyokatika. Kufungua mdomo tu. Na akaona pia, waziwazi kama mtu anavyoona shimo akiwa ameshatanguliza mguu, kinachofuata. Akimwambia kijana huyu, kijana atakwenda Njombe kusafisha jina lake, na ana haki. Mwalimu Scholastica atafungua kanuni zake. Dorosela atatolewa bwenini mchana kweupe kama mwizi, aliyeapa uongo, na atarudi hapa, kwenye chumba hiki, kwa Shedrack huyu. Na asipomwambia, vidole vitakavyosogea karibu na meno ya msumeno ni hivi hapa. Navyo vilikuwa kumi.

"Mzee," Xaveri alisema, "wewe mwenyewe unaamini ni mimi?"

Shedrack alikuwa ameshaanza kuvuta kamba ya injini. Ilikohoa, ikazima. Akaivuta tena.

"Sijui, mwanangu," Lenard alisema. "Shika gogo upande ule."

Xaveri alizunguka akashika gogo, na mashine ikawaka.